Pembe tatu si pembetatu

Ukitembea Singida Mjini kutoka stendi hadi sokoni utasoma "mwanasheria" kwenye bango moja na "mwana sheria" kwenye jingine. Dereva huyu kizibao chake kimeandikwa "bodaboda", mwenzake aliyeegesha pikipiki ubavuni mwake kavaa cha "boda boda". Mwulize mwenye steshenari anayewachapia watu barua, atakwambia yote sawa, mradi inasomeka. Walimu wengi nao wameshakubali hivyo. Wanasema Kiswahili hakina kanuni ya kuandika maneno ambatani, ni mazoea ya mwandishi na hiari ya mhariri.

Kanuni ipo, na kila anayezungumza Kiswahili huifuata bila kufundishwa. Anayeisahau ni yule aliyeshika kalamu.

Chukua somo la hisabati la darasa lolote la msingi. Mwalimu akisema PEmbe TAtu, kwa mikazo miwili, anazungumzia pembe, nazo ni tatu. Zinaweza kuwa za mbuzi. Akisema pembeTAtu, kwa mkazo mmoja, anazungumzia umbo. Sarufi inafuata papo hapo: tutasema "pembe tatu hizi" lakini "pembetatu hii". Tena pembetatu unaweza kuzihesabu ukasema "pembetatu mbili", wakati "pembe tatu mbili" haimwingii mtu akilini. Mtoto anayeandika "chora pembe tatu" hajatumia hiari yoyote. Ameandika kitu kingine, na mtahini mkali anaweza kupokea mistari mitatu ya pembe za ng'ombe bila kuwa na la kulalamika.

Hapa watetezi wa hiari wana jibu lao. Wanasema mkazo wa Kiswahili hauna habari yoyote ya kutupa, kwa kuwa daima hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kitu kisichobadilika kitatofautisha nini? Jibu hili linarudiwa sana, na ndilo lililonifanya niandike, kwa maana limegeuza jambo juu chini. Ni kweli yapo maneno machache yanayokiuka, kama baRAbara yenye maana ya sawasawa, ambayo hatuichanganyi na baraBAra ya kwenda Manyoni. Lakini kwa maelfu ya maneno mengine mkazo hautoki mahali pake, na kwa sababu hiyo hiyo ndio unaotangaza neno limeishia wapi. Sikio likishausikia, linajua imebaki silabi moja tu neno liishe. Mkazo uliotulia mahali pamoja ni alama ya mpaka.

Ndiyo maana neno likirefuka mkazo nao huhama. Mji wetu ni siNGIda, ziwa letu ni singiDAni. Kiambishi kidogo tu kimeongezwa, na mkazo umesogea kukifuata mpaka mpya. Maneno mawili yanapoungana hutokea vivyo hivyo: "mwana" peke yake lina mkazo wake, MWAna, lakini ndani ya mwanasheRIa mkazo huo umefifia na umebaki ule wa mwishoni. Mpaka wa katikati umevunjwa. Atakayeandika "mwana sheria" amerudisha ukuta ambao ulimi wake mwenyewe umeubomoa. Kuna hata neno ambalo mkazo wake umeangukia konsonanti: mwanamke, yaani mwa-na-m-ke, silabi nne, na inayokazwa ni ile "m". Tamka taratibu utaisikia.

Wengine hutetea nafasi katikati kwa kutumia wingi. Wanadai kwamba sehemu zote mbili zikibadilika katika wingi, basi hayo ni maneno mawili: mji mkuu, miji mikuu. Kwa mji mkuu ni sawa. Lakini mwenyekiti wingi wake ni wenyeviti, na mwanamke ni wanawake. Pande zote mbili zimebadilika, na bado hakuna anayetamka kwa mikazo miwili wala anayeandika "wenye viti", isipokuwa anazungumzia wauza samani. Kwa hiyo wingi unaweza kutoa ushahidi tu. Hukumu ni ya mkazo.

Mara nyingi tunaambiwa tuwatazame Wazungu walivyo na utaratibu. Basi tuwatazame wale waliofika jirani yetu. Hospitali ya Haydom, kule Mbulu, ilianzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955, na hospitali kwa Kinorwei ni "sykehus", neno lililoundwa kwa "wagonjwa" na "nyumba". Wao mkazo mkuu huuweka kwenye sehemu ya kwanza, ilhali sehemu ya mwisho ndiyo inayoamua jinsia ya neno. Sisi kinyume chake: sehemu ya kwanza inaamua ngeli, kwani mwanasheria ni mwana kwanza, na mkazo unakwenda mwisho. Njia zimepishana, kazi ni ile ile ya kuuambia umma kwamba hili ni neno moja. Kwao "lammelår" ni paja la mwanakondoo, na ukiliandika mbalimbali, "lamme lår", umempa mteja mapaja yaliyopooza. Na wachora mabango wa huko nao hukosea, watu wakacheka. Hakuna anayesema kwa ajili hiyo kwamba Kinorwei hakina kanuni.

Hoja nyingine hunichosha zaidi, ile ya kuwasingizia Wanyaturu. Eti lugha ya nyumbani ni ya toni, hivyo masikio ya watoto wa Singida hayashiki mkazo. Kinyaturu, au Kirimi, ni lugha ya toni kweli, na Howard Olson aliiandikia kitabu kuhusu sauti na maumbo yake mwaka 1964. Wanaisimu wanaikumbuka kwa tabia moja: toni ya juu iliyo mali ya silabi moja husikika kwenye silabi inayofuata. Sikio linaloweza kufuatilia sauti inayohama namna hiyo halitashindwa na mkazo usiohama. Kinorwei pia hutofautisha maneno kwa toni, na bado mkazo wake tumeuona ukifanya kazi. Tena tazama majina ya kata zetu: Unyambwa, Unyamikumbi. Ni marefu, na hakuna mwenyeji aliyewahi kuandika "Unya Mikumbi".

Sidai kwamba kila kitu kimenyooka. Barua pepe hutamkwa baRUa PEpe, mikazo miwili, na huandikwa mbali. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi uko kwa mpiga kura, mpiga picha, mla rushwa. Ukitamka polepole mikazo ni miwili, ukiharakisha unabaki mmoja, na magazeti huandika yote mawili. Eneo hilo la katikati ni dogo, na ndilo peke yake linalohitaji uamuzi wa wakubwa.

Kompyuta nayo imetuongezea kazi inapokata maneno mwisho wa mstari. Ukisoma "mwanas-heria" ujue mashine haikujua kwamba "sh" ni sauti moja, wala kwamba kiungo cha neno kipo baada ya "mwana". Mhariri aliyekata "mwana-sheria" amemsaidia msomaji mara mbili.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wahariri na kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Pembetatu, mwanasheria na bodaboda ziandikwe pamoja, bila mjadala, kama ambavyo hakuna anayeandika "piki piki". Kwa mpiga kura, chagueni umbo moja mapema, lianze ukurasa wa kwanza na lifike mpaka wa michezo.