Lengo la hiari si lengo

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na kazi hiyo hiyo ndiyo imenipa la kuandika leo.

Shirika moja lilinipa kazi ya kutengeneza programu ya kufuatilia miradi yake ya maji. Ukutani mwao kuna bango zuri: uendelevu, uwazi, uwajibikaji. Nikauliza swali la mtu wa kompyuta: kabla mwanakandarasi hajalipwa, nani anathibitisha kwamba maji yanatoka? Kimya. Mhasibu anabonyeza "Lipa", basi. Nikapendekeza programu ikatae malipo mpaka wenyeji wathibitishe. Nikaambiwa itachelewesha kazi. Mwishowe sehemu hiyo iliwekwa, lakini ya hiari. Wewe uliyewahi kujaza fomu unajua sehemu ya hiari huwa na nini ndani yake. Hewa.

Sasa twende Makueni. Mwaka 2015 kaunti hiyo ilipitisha kanuni za hazina ya mabadiliko ya tabianchi, zilizotaka asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo iende huko, na kamati za wadi zishiriki kuchagua miradi. Haikuandikwa "tutajitahidi". Iliandikwa namba, na namba hukaguliwa na yeyote mwenye nakala ya bajeti na kikokotoo.

Pia, chini ya Gavana Kivutha Kibwana (2013 hadi 2022), wenyeji waliunda kamati za kusimamia miradi yao, na sahihi zao zilihitajika kabla ya mwanakandarasi kulipwa. Ndicho kile kile nilichokataliwa mimi!

Msidhani walifanya hivyo kwa kuwa walipendana. Gavana na bunge la kaunti waligombana hadi tume ikapendekeza kaunti ivunjwe. Rais Uhuru Kenyatta alikataa pendekezo hilo mwaka huo huo wa 2015. Kwangu hilo ndilo somo kubwa. Watu wanaoaminiana wanaweza kuishi kwa bango. Wasioaminiana wanahitaji utaratibu.

Mwaka 2015 Makueni ilipata pia sheria ya kuhifadhi mchanga. Mgeni atauliza, mchanga una nini? Katika mito ya msimu ya Ukambani, watu hujenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto. Mvua ikinyesha, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani yake, jua lisiyafikie kwa urahisi. Kitui, shirika la SASOL limesaidia wanavijiji kujenga mamia ya mabwawa ya aina hiyo tangu miaka ya 1990. Malori yakizoa mchanga, maji yameondoka nao. Kwa hiyo huwezi kuwa na lengo la maji bila lengo la mchanga. Sisi waandika programu tunajua: ukifuta faili moja, nyingine inakufa.

Kitui ilijaribu njia nyingine pia. Mwanzoni mwa 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga nje ya kaunti. Lori la makaa likachomwa moto, na ugomvi na wafanyabiashara wa Kiambu ukawaka. Nia ya kuokoa miti na mito naielewa kabisa. Lakini amri ya mtu mmoja ni kiraka cha usiku wa manane: kinaziba tundu, na kesho yake unakuta kimevunja kitu kingine. Mchoma makaa aliyekuwa akilipa karo kwa gunia anahitaji nafasi kwenye mpango, si katazo peke yake.

Najua mtakachosema. Sahihi hununuliwa, na kamati hujaa marafiki wa mzee fulani. Kweli. Utaratibu hauzuii kila wizi. Lakini sahihi iliyonunuliwa ina jina juu yake, na jina linaweza kuulizwa. Nafasi tupu utaiuliza nini?

Basi, wewe mwenye bango ofisini, chagua neno moja kati ya yale matatu. Tafuta ni hatua gani ya malipo itasimama neno hilo lisipotimizwa. Kama hakuna, bandua bango, uokoe hata ile karatasi.

Mnaonaje? Nasubiri kukosolewa.