Mikono ya Mwenye Kujifunza



Katika vikundi vyetu, wamama wengi sasa wako na telefone za kugusa kwa kidole. Lakini kuna jambo linalotusumbua. Feza ya likelemba ikiingia katika telefone, mama anapeleka telefone kwa kijana wa kabine, anamtajia na namba yake ya siri, ili amsomee ujumbe. Siku feza itakapopotea, ataulizwa nani? Si kwamba mama hana akili. Anaona haya kuuliza. Anafikiri kwamba mambo haya ni ya watu waliozaliwa wakiyajua.

Juma hili tuwaelezee habari za mtu mmoja ambaye kazi yake iko ndani ya nyingi za telefone hizo. Anaitwa Linus Torvalds. Alizaliwa mwaka 1969 huko Helsinki, mji mkuu wa Finland, nchi ya baridi kali kaskazini mwa Ulaya. Baba ya mama yake, mzee Leo Törnqvist, alikuwa profesa wa chuo kikuu. Mzee huyo alinunua kompyuta ndogo, na wala hakuifungia kabatini. Alimpakata mjukuu wake, ambaye alikuwa na miaka 11 hivi. Babu aliandika maagizo kwenye karatasi, naye mtoto akayaingiza katika mashine kwa vidole vyake. Ndivyo alivyoanza kujifunza kuandika programu.

Chuo kikuu, mwaka 1988, Linus alipata rafiki, Lars Wirzenius. Kati ya wanafunzi wapya wa kompyuta, ni hao wawili tu waliokuwa na Kiswidi kama lugha ya nyumbani. Lugha iliwakutanisha, masomo yakawaunganisha. Miaka miwili baadaye walifuata somo ambalo mwalimu mwenyewe aliwaambia wazi kwamba ni jipya kwake pia, naye anasoma sura moja tu mbele yao. Wanafunzi wakasoma sura tatu mbele, ili wamkamate kwa maswali! Sisi walimu tunacheka, lakini tunajua kwamba darasa kama lile linafundisha kweli, kwa sababu hakuna anayejifanya anajua.

Mwaka 1991 Linus alianza kutengeneza programu inayoongoza kompyuta nzima. Kazi yake ni kama ya mama katika nyumba yenye watu wengi: kuamua nani atumie nini, na kwa zamu gani, ili wasigombane. Tarehe 25 Agosti, akiwa na miaka 21, aliwaandikia watu wa mbali kwa njia ya intaneti, akiwauliza wangependa iwe na nini. Kisha akaitoa bure. Watu ambao hajawahi kuwaona wakamrudishia masahihisho. Programu hiyo inaitwa Linux. Leo maelfu ya watu wa nchi nyingi wanaendelea kuirekebisha, na telefone zote za Android zinaitumia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na kuna habari nyingine itakayowafurahisha. Mwaka 1993 Linus alikuwa akifundisha, akawapa wanafunzi zoezi: kila mmoja amtumie barua kwa kompyuta. Msichana mmoja, Tove, bingwa wa karate wa nchi yake, alitumia barua hiyo kumwalika watoke pamoja. Wakaoana, wakazaa mabinti watatu. Hata nyumba yake basi ilianzia kwa mwanamke aliyethubutu kuuliza.

Sisi je? Nyumbani mara nyingi tunampa mvulana telefone na binti tunampa sufuria. Binti akiuliza, anaambiwa atajua akikua. Akikua, ndiye huyo mama anayetaja namba ya siri kwa kijana wa kabine. Tukate mnyororo huu mapema.

Tunashauri hivi. Siku ya mkutano tutenge dakika 10. Wamama wakae wawiliwawili, anayejua pamoja na asiyejua. Anayejua asishike telefone ya mwenzake. Aelekeze kwa mdomo tu, mwenzake abonyeze mwenyewe, hata kama anakawia. Waanze na kufungua ujumbe wa feza na kusoma kiasi kilichoingia. Ikifika wakati wa namba ya siri, anayeelekeza ageuze uso. Namba hiyo ni kama ufunguo wa nyumba, haiazimwi hata kwa rafiki.

Kama katika kikundi hakuna anayejua, binti zetu wanaosoma waje watuelekeze, nasi tusione aibu kufundishwa na mtoto tuliyemzaa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wa kucheka muulizaji ndiye tumwombe anyamaze.