Usiniulize Ekari, Niulize Mteremko

Nina ugomvi na swali moja. Ni swali la maneno mawili tu, nalo huulizwa kila siku katika maduka ya mashine za kukatia nyasi hapa Marekani: "Ekari ngapi?" Mteja akijibu moja, anaonyeshwa mashine ndogo. Akijibu tatu, anaonyeshwa kubwa. Akijibu tano, muuzaji anatabasamu na kumvutia kiti. Hakuna anayeuliza kama ekari hizo zimelala au zimesimama. Nami nasema kwamba kwa mtu mwenye uwanja wa vilima, swali hilo si pungufu tu, ni la hatari. Na anayelijibu kisha akatoa fedha zake papo hapo, amekwisha kununua nusu ya ajali. Nasema hivyo kwa sababu nililijibu.

Nyumba yetu iko magharibi ya Pennsylvania, kusini mwa jiji la Pittsburgh, katika nchi ya vilima na mabonde ambayo ilinivuta moyo kwa kuwa ilinikumbusha kwetu Lushoto. Tuna ekari tatu. Mbele ya nyumba ardhi inainama taratibu hadi barabarani. Nyuma inashuka ghafla mpaka kwenye kijito. Kwa miaka sita nilikata nyasi hizo kwa mashine ya kusukuma, na Jumamosi zangu zote za kiangazi ziliishia huko. Magoti yalipoanza kulalamika, mke wangu aliniambia, "Mzee, nunua kitu cha kukalia." Nikaenda dukani.

Niliyouziwa ni ile mashine inayogeuka papo hapo, ambayo wenyeji huiita ziro-teni. Kwa asiyeijua, haina usukani wa mviringo. Ina vishikio viwili, kimoja kwa kila mkono, na kila kishikio kinaongoza gurudumu moja la nyuma kwa nguvu ya haidroliki. Ukisukuma vyote viwili mbele, inakwenda mbele. Ukisukuma kimoja mbele na kuvuta kingine nyuma, inazunguka pale pale iliposimama, kama pia. Magurudumu ya mbele hayana kazi ila kubeba uzito. Yanazunguka upande wowote, kama yale ya toroli la supamaketi. Wazo lenyewe si geni: Max Swisher wa Warrensburg, Missouri, alikuwa na mashine ya aina hii mwaka 1963. Nami sitaki kuidhulumu. Penye ardhi tambarare ni mashine ya ajabu. Inauzunguka mti bila kuacha ndevu za nyasi, na kazi ya saa nne inaimaliza kwa saa moja na nusu. Muuzaji alinipa niijaribu kwenye uwanja wa saruji wa duka lake, tambarare kama meza. Nilizunguka mara mbili, nikacheka kama mtoto, nikalipa. Wahenga walisema fahari ya macho haifilisi duka. Siku ile lililofilisika lilikuwa ni akili yangu.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji, jambo ambalo sikuambiwa. Kile kinachoifanya mashine hii kuwa asali kwenye tambarare ndicho kinachoifanya sumu mlimani. Mwendo wake uko kwenye magurudumu mawili ya nyuma. Usukani wake uko huko huko. Breki zake nazo ni huko huko. Gari likiteleza nyuma, bado una magurudumu ya mbele ya kuliongoza. Mashine hii ikiteleza nyuma umepoteza vyote vitatu kwa mara moja, maana magurudumu ya mbele hayatii amri yako. Yanaitii ardhi, na ardhi inasema "shuka". Tena unapoteremka, uzito unahamia mbele na kuyapunguzia yale ya nyuma mshiko wakati unapouhitaji zaidi. Unapopanda, pua inakuwa nyepesi na inaweza kuinuka. Ukikata mbavuni mwa mlima, pua inavutwa chini muda wote, na gurudumu moja la nyuma ndilo linaloizuia. Umande kidogo, au majani makavu machache, basi.

Kwangu ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Oktoba. Tulitarajia wageni, nami nilitaka uwanja wa nyuma upendeze. Nilikuwa nimeteremka hatua kama kumi pale nilipohisi kiti kinaondoka chini yangu. Nikavuta vishikio nyuma kwa nguvu zangu zote. Magurudumu yakazunguka kinyumenyume, yakachana nyasi, na mashine ikaendelea kushuka kana kwamba mimi sipo. Nilipita pale nilipodhani ningeruka, sikuruka. Gurudumu la mbele likagonga kisiki cha mwaloni ambacho nilikuwa nimeahirisha kukiondoa kwa miaka sita, mashine ikasimama. Kutoka pale hadi ukingo wa kijito ni mita mbili, na kutoka ukingoni hadi majini ni kimo cha mtu. Nilipoinua macho nilimwona mjukuu wangu dirishani jikoni, mkono mdomoni. Ana miaka tisa. Mpaka leo sijui la kumwambia kuhusu kile alichokaribia kukiona.

Jioni ile nilikifungua kitabu cha maelekezo kwa mara ya kwanza. Onyo lilikuwa mbele kabisa: usikate penye mteremko unaozidi nyuzi 15. Mlikuwa na ukurasa mzima wenye mstari wa kukunja, ili mtu auelekeze mlimani na kujua amesimama wapi. Wahandisi walilijua jambo hili. Wachapaji walilichapa. Ni pale penye kubadilishana fedha tu ndipo ujuzi huo ulipopotea. Kesho yake nilichukua ubao wa mita moja na pimamaji. Nikaweka ncha moja ya ubao juu ya ardhi upande wa mlimani, nikaulaza ubao sawasawa, nikapima ncha ya pili iko juu ya ardhi kwa kiasi gani. Sentimita 27 ni nyuzi 15. Mbele ya nyumba nilipata sentimita 12. Nyuma, pale nilipoanza kuteleza, nilipata 40, yaani nyuzi 22. Kipimo hicho kilinichukua dakika tano, na ubao ulikuwa gereji siku zote.

Nimelisimulia jambo hili kwa watu wengi, na wengi wamenijibu. Majibu yao ni matatu, nami sikubaliani na hata moja.

Wa kwanza husema, "Ulinunua dhaifu. Ungechukua yenye nguvu zaidi za farasi." Yangu ina nguvu za farasi 24. Injini haishiki ardhi. Tairi ndilo linaloshika. Ukiliongezea nguvu tairi linaloteleza, umeliongezea kuteleza. Na mashine kubwa zaidi ni nzito zaidi. Ikishaanza safari ya kwenda bondeni, uzito huo haupo upande wako.

Wa pili husema, "Mimi nimekata mlimani miaka kumi, ni mazoea tu." Huyu ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Mazoea yanamfundisha mtu mlima wa jana, mkavu, asioupima. Hayamfundishi shimo lililochimbwa na mnyama usiku, wala unyevu uliofichika chini ya majani. Hata mimi nilikuwa nimekata mteremko ule ule mara nane bila tatizo. Mara zile nane hazikuwa ushahidi wa ustadi wangu. Zilikuwa ni mkopo.

Wa tatu husema, "Basi weka upinde wa chuma na ufunge mkanda." Hapa nakubali nusu. Upinde ule unaosimama nyuma ya kiti, pamoja na mkanda, ndio unaomwacha mtu hai mashine ikipinduka. Sweden iliulazimisha kwenye matrekta mapya tangu mwaka 1959, wala haikujuta. Mashine yangu haikuwa nao. Muuzaji alisema ni kwa ajili ya watu wa kazi. Kana kwamba mlima humuuliza mtu kitambulisho cha kazi! Kwa hiyo mwenye vilima asinunue mashine isiyo na upinde, na akumbuke kwamba upinde ukiwa umesimama mkanda unafungwa, ukiwa umelazwa ili kupita chini ya matawi mkanda haufungwi, maana hapo mkanda utamzuia mtu kutoka chini ya chuma. Lakini upinde ni dawa ya ajali. Hauifanyi sehemu ya nyuzi 22 kuwa ya nyuzi 12.

Ninachokitetea mimi ni utaratibu tofauti kabisa wa kuchagua. Pima ardhi yako kwanza, kipande kwa kipande, ukiwa na ubao na pimamaji. Chora mpaka. Kisha nenda dukani ukachague mashine kwa ajili ya kile kilichobaki ndani ya mpaka, si kwa ajili ya ekari zote ulizoandikiwa kwenye hati. Kama ni pole, ziro-teni ya kawaida itakufaa sana. Kama inakaribia ukomo, tafuta zile zenye usukani wa mviringo unaogeuza pia magurudumu ya mbele. Hizo zinashika njia vizuri zaidi zikikata mbavuni mwa mlima, ingawa nazo zina ukomo wake. Angalia upana kati ya magurudumu ya nyuma, kimo cha kiti, na meno ya tairi, kabla hujaangalia rangi na injini. Soma kitabu cha maelekezo pale pale dukani. Muuzaji akikataa kukupa, umekwisha kupata jibu lako.

Na kile kilicho nje ya mpaka? Hapa ndipo ugomvi wangu unapopanuka, kwa maana nyuma ya swali la ekari kuna imani kwamba kila shubiri ya ardhi lazima inyolewe. Watafiti waliotumia picha za satelaiti walikadiria mwaka 2005 kwamba nyasi za kunyolewa za Marekani zimefunika zaidi ya kilomita za mraba 160,000, karibu moja ya sita ya Tanzania nzima. Nani aliamua kwamba genge la kijito nalo liwe zulia? Marehemu baba yangu alilima mlimani maisha yake yote. Penye mwinamo mkali aliacha miti na majani marefu, na alipoulizwa kwa nini haendelei kulima, alijibu kwamba sehemu ile ina mwenyewe. Nikiwa mtoto nilidhani anasema mizimu. Sasa najua alisema mvua na udongo.

Kwa hiyo mteremko wangu wa nyuma sikuukata tena. Niliuliza kwanza kwenye ofisi ya mji kama sheria ya urefu wa nyasi inagusa ukingo wa kijito, maana miji mingi hapa ina sheria hizo. Kisha nikapanda vichaka vya asili ya huku vyenye mizizi ya kushika udongo. Mjini Pittsburgh wapo wanaopeleka mbuzi kula magugu kwenye miteremko ambayo mashine haiwezi. Nilipowaona mara ya kwanza nilicheka peke yangu barabarani, nikikumbuka fimbo niliyochapwa kwa kuacha mbuzi waingie shambani. Jirani mmoja aliniuliza kama nimechoka kutunza uwanja. Nilimjibu ndiyo, sehemu ile nimechoka kuitunza, na ninapenda kuwa hai.

Mashine ninayo bado. Inafanya kazi yake mbele ya nyumba, vizuri kabisa. Kwenye mpaka nimesimamisha nguzo za mbao zilizopakwa rangi nyeupe, na mjukuu wangu ndiye aliyezipaka. Wewe unayefikiria kununua mwaka huu, usiende dukani kesho. Kesho chukua ubao, chukua pimamaji, zunguka nyuma ya nyumba. Na muuzaji akikuuliza ekari ngapi, mjibu kwa nyuzi.