TAHARIRI: Nani Anaujali Moyo wa Askari Aliyestaafu?

Vita vikiisha, taifa huandaa gwaride, hutoa nishani na kusoma hotuba. Askari hurudi kwake, na wengi wetu hudhani kwamba hatari imekwisha. Sivyo. Wengi walioepuka risasi huja kuuawa polepole na shinikizo la damu, kisukari, lehemu na tumbaku. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 17.9 walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, yaani karibu theluthi moja ya vifo vyote duniani.

Ndugu msomaji, ni rahisi kusema kwamba mtu huyo amejitakia. Lakini tuangalie nchi ya Marekani, ambako maisha ya askari wastaafu yamechunguzwa kwa muda mrefu. Katika Vita Kuu ya Pili, na tena huko Vietnam, jeshi liliweka sigara ndani ya mgawo wa chakula cha askari. Desturi hiyo ilikomeshwa mwaka 1975. Kijana aliyejifunza kuvuta kwa sigara za serikali alirudi nyumbani na uraibu uliokuwa wake peke yake. Aidha, wataalamu wameona kwamba wale wanaoteswa na jeraha la nafsi litokanalo na vita hupatwa na maradhi ya moyo kuliko wenzao. Basi deni lipo, na si la askari peke yake.

Huko Philadelphia, katika hospitali ya askari wastaafu, ulifanyika uchunguzi ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2012. Walichaguliwa wastaafu weusi 118, wenye umri kati ya miaka 50 na 70, ambao kisukari chao kilikuwa kimeshindikana kudhibitiwa. Kisukari cha namna hiyo huharibu mishipa na kuudhoofisha moyo. Kundi la kwanza liliendelea na matibabu ya kawaida. Kundi la pili liliahidiwa fedha: dola 100 kwa atakayeshusha kipimo chake cha sukari kwa pointi moja, na dola 200 kwa atakayekishusha kwa pointi mbili. Katika kundi la tatu, kila mgonjwa alipewa askari mstaafu mwenzake, ambaye naye aliwahi kushindwa na ugonjwa huo kisha akaushinda. Kazi ya mwenzake ilikuwa kuzungumza naye angalau mara moja kwa wiki.

Baada ya miezi sita, kipimo cha wastani cha kundi la kwanza kilikuwa kimetoka asilimia 9.9 hadi 9.8, yaani hakikubadilika. Kile cha walioahidiwa fedha kilitoka 9.5 hadi 9.1. Kile cha waliopewa mwenzao kilitoka 9.8 hadi 8.7. Sauti ya mwenzao ilifanya kazi kuliko ahadi ya fedha.

Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Daktari huagiza chumvi ipunguzwe na dawa inywewe kila siku, kisha humwita mgonjwa mwingine. Askari aliyezoea kuficha maumivu hujibu, "Ndiyo, Daktari," akaenda zake. Mbele ya mtu aliyelala naye handakini hana haja ya kujificha. Anaweza kukiri kwamba dawa zimeisha, kwamba usiku halali, kwamba chupa imekuwa rafiki yake.

Hata hivyo, ukweli hauna budi kusemwa wote. Uchunguzi mwingine, uliofanyika katika eneo la Seattle na kutolewa mwaka 2023, ulihusu wastaafu 264 wenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa. Nusu yao walisaidiwa na askari wenzao kwa mwaka mmoja, kwa kutembelewa na kwa simu. Hali ya nafsi zao ilikuwa bora kuliko ya wenzao wasiosaidiwa. Lakini shinikizo la damu halikushuka kiasi cha kuthibitisha kwamba msaada huo ndio ulioliteremsha.

Hapo ndipo penye fundisho kwa wote wapendao haki. Mwenzi hutia moyo, hukumbusha na husikiliza. Hawezi kuwa dawa, wala zahanati, wala pensheni. Serikali yoyote itakayowaachia wastaafu kazi ya kuponyana wenyewe, ili ipunguze gharama zake, itakuwa imegeuza upendo wa ndugu kuwa kisingizio cha kutolipa deni.

Nasi je? Tanzania ilipeleka vijana wake katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979. Aliyekuwa na miaka 20 vita vilipokwisha sasa amepita miaka 65, umri ambao moyo huanza kudai hesabu. Baadhi yao ni majirani zetu. Na njia hii si ngeni kwetu: katika kliniki za UKIMWI, watu wanaoishi na virusi wamekuwa wakiwafundisha na kuwafariji wenzao, na wengi wameendelea na dawa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili yaendayo pamoja. Kwanza, kila jumuiya ndogondogo iwatambue wastaafu wake, na wale wenye moyo wa kusaidia wafundishwe na muuguzi kupima shinikizo la damu, kuwatembelea wenzao na kuwasindikiza hospitalini. Pili, viongozi waulizwe bila woga: Je, dawa za shinikizo la damu na kisukari zinapatikana katika zahanati kila mwezi, na kwa bei ambayo mstaafu anaimudu?

Tuliwaomba watu hawa watulinde, wakakubali bila kuuliza gharama. Wasiachwe sasa wafe kwa ugonjwa unaoweza kuzuiwa, huku sisi tukiwakumbuka kwa mashada ya maua tu.