Damu ya Mtoto Isiwe Kipimo cha Hewa

Mzazi wa mjini ana mamlaka juu ya mengi yanayomfikia mtoto wake. Huchemsha maji, hutundika chandarua, huosha mboga mara mbili, huenda kliniki hadi kadi ya chanjo ijae. Juu ya hewa hana mamlaka yoyote. Mtoto akishatoka mlangoni na mkoba mgongoni, atavuta kile ambacho matatu ya dizeli, jaa linalofuka moshi na kiwanda cha jirani vimemwachia. Kwa hiyo katika toleo hili hatuwafundishi akina mama namna ya kuwavisha watoto barakoa. Tunazungumza na wenye mamlaka, na jambo la kwanza tunalowadai ni vipimo.

Mtoto mchanga hupumua takriban mara 40 kwa dakika, zaidi ya mara mbili ya mtu mzima. Mtoto mdogo anapotembea kando ya barabara, pua yake iko karibu na bomba la moshi wa gari kuliko pua ya anayemshika mkono. Mapafu yake bado yanajengwa, na ujenzi huo huendelea hadi ujana. Upungufu wa miaka hiyo ni vigumu kufidiwa ukubwani. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa asilimia 93 ya watoto walio chini ya miaka 15 duniani huvuta hewa iliyochafuka kupita viwango vyake. Viwango vyenyewe vilikazwa zaidi mwaka 2021: wastani wa mwaka wa chembe laini, zile ndogo kiasi cha kupenya hadi kwenye damu, usizidi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo.

Lakini kiwango bila kipimo hakimsaidii mtu. Ella Adoo-Kissi-Debrah alikuwa mtoto wa London aliyeishi karibu na barabara kuu ya South Circular, yenye msongamano mkubwa wa magari. Pumu ilimlaza hospitalini mara kwa mara kwa muda wa miaka mitatu, na Februari 2013 akafariki akiwa na miaka 9. Mama yake, Rosamund, hakuwahi kuambiwa kwamba hewa ya mtaani inaweza kuwa ndiyo inayomuumiza mwanawe. Uchunguzi wa kwanza wa kifo hicho haukutaja hewa hata kidogo. Kesi ilifunguliwa upya kwa sababu Profesa Stephen Holgate alichukua rekodi za kituo cha kupima hewa kilichokuwa kama maili moja kutoka nyumbani kwao, akazilinganisha na siku ambazo Ella alizidiwa. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo, Philip Barlow, akaamua kuwa uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake. Huo ulikuwa uamuzi wa kwanza wa aina hiyo Uingereza.

Mashine ya kituo kile ndiyo iliyotoa ushahidi. Kwetu ushahidi umetolewa na nini?

Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Nairobi, lilichapisha uchunguzi wa watoto 328 waishio karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita mpaka uliokubalika kimataifa wakati huo, na wengi walikuwa na matatizo ya kupumua. Mwaka huohuo, katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua sumu ya risasi baada ya mwanawe mchanga kuugua na kupimwa. Yeye na wakazi wenzake walipigana hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Mahakama ya Upeo ikairejesha Desemba 2024. Ni ushindi mkubwa, nasi tunampa heshima yake kila aliyeupigania. Hata hivyo, katika mitaa hiyo miwili damu ya watoto ndiyo iliyofanya kazi ya mashine, na risasi ikishaingia kwenye ubongo wa mtoto, hakuna fidia inayoweza kuitoa.

Wanaosema kuwa usafi wa hewa ni anasa ya nchi tajiri wakumbuke petroli. Nchi za Afrika zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuondoa mafuta yenye risasi, na kufikia mwanzoni mwa 2006 yalikuwa yameacha kuuzwa kote kusini mwa Sahara. Ulifikiwa uamuzi, ukawekewa tarehe, ukatekelezwa.

Sheria tayari tunayo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani bila hata kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kudhurika. Kanuni za Ubora wa Hewa zimekuwapo tangu 2014. Kinachokosekana ni tarakimu za kila siku kutoka mahali watoto walipo: lango la shule, uwanja wa michezo, wodi ya watoto. Mabasi ya shule nayo yazimwe injini yanaposubiri, na shule zenyewe ziache kuchoma taka nyuma ya madarasa, desturi ambayo haina udhuru wowote.

Msomaji, kaunti yako itakapoita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, nenda ukadai vipimo vya hewa vifungwe shuleni, na matokeo yake yabandikwe langoni ambapo kila mzazi atayasoma.