Shilingi Tisa kwa Kila Kilo

Chukua kilo moja ya korosho ghafi kutoka Nalasi, wilayani Tunduru. Tuseme mnadani imepata shilingi 3,000, bei ambayo mkulima wa Tunduru haioni kila msimu. Ushuru wa halmashauri kwa mazao ya biashara ni asilimia 3 tangu uliposhushwa mwaka 2017, yaani shilingi 90. Katika hizo 90, sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni shilingi 9. Kisheria ushuru hulipwa na mnunuzi, lakini mnunuzi naye si mjomba wa mtu. Huupigia hesabu kabla hajataja bei. Kwa hiyo anayesimama jukwaani kugawa mikopo hiyo kama zawadi kwa wanakijiji, anawapa kilichotoka chini ya mikorosho yao.

Naanza na hesabu hii kwa sababu mjadala wa mikopo ya asilimia 10 umetekwa na swali moja: nani hakurejesha? Ni swali la haki. Utaratibu huu uliingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa mwaka 2018, na haukuchukua muda taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zikajaa mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi ambavyo havikuonekana vilipotafutwa. Aprili 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaisimamisha mikopo. Niliona wakati ule, na bado naona, kwamba alifanya vyema. Ila kikundi hewa hakizaliwi shambani. Kinahitaji katiba, muhtasari, mhuri na sahihi ya ofisa aliyeapa kuwa amekiona. Adhabu ya kusubiri zaidi ya mwaka, hata hivyo, iliwaangukia pia akina mama waliokuwa wakirejesha bila kukosa.

Mikopo iliporudi mwaka 2024 ilirudi kwa njia mbili. Halmashauri 10 za majaribio, Manispaa ya Songea ikiwamo, zilipangiwa kupitishia fedha benki. Nyingine zote, Tunduru ikiwamo, zikabaki na utaratibu wa halmashauri ulioboreshwa, wenye kamati za uhakiki na maombi ya kielektroniki. Wapo wanaosema Songea ikifanikiwa, mkoa mzima wa Ruvuma uifuate. Benki inajua kudai, hilo silikatai. Lakini mwenye genge pale Songea mjini huvuka barabara tu akaifikia benki. Nalasi, kata ya Mashariki na ya Magharibi, iko kusini mwa wilaya, upande wa Mto Ruvuma na Msumbiji, na shughuli ya benki ni safari ya kwenda Tunduru mjini, nauli mfukoni na siku nzima imekwenda. Tena tulishawahi kupitia benki. Mabilioni ya JK, mikopo ya serikali ya Rais Jakaya Kikwete ya mwaka 2006, bilioni moja kwa kila mkoa, yalipita huko huko, na malalamiko yaliyobaki vijijini ni kwamba yaliishia kwa waliokuwa nacho tayari. (Milioni 50 za kila kijiji, zilizoahidiwa kwenye kampeni za 2015, hizo hatuna haja ya kuuliza zilipitia wapi.)

Lakini kinachonisumbua zaidi ya njia ni kalenda. Mkorosho una miezi yake. Mvua ikikatika kuna palizi na kupogolea. Kuanzia Juni maua yanatoka na lazima upulizie, la sivyo ugonjwa wa ubwiriunga unakula maua na msimu umekwisha kabla ya kuanza. Hata dawa ya salfa ikija kwa ruzuku, bado unatafuta mashine ya kupulizia, petroli ya mashine na ujira wa kijana anayeibeba mgongoni. Hapo ndipo nyumba nyingi zinapokuwa kavu, fedha ya msimu uliopita imeshakwenda kwenye ada na bati. Na hapo ndipo anapobisha hodi mtu wa kangomba, anayenunua korosho zikiwa bado ua, kwa bei anayoitaka yeye na kipimo anachokijua yeye. Hadai katiba wala namba ya NIDA, na fedha anayo mkononi.

Tumemkemea sana kangomba, tumemkamata, tumemtungia amri. Mimi naona tumsome kwanza. Anashinda kwa sababu anafika Juni. Mkopo wa halmashauri usio na riba ungemfukuza bila polisi, kama ungefika Mei na kurejeshwa mnada ukishalipa. Badala yake ukipangiwa marejesho ya kila mwezi, kama ya muuza vitumbua mjini, mkulima wa korosho atalaza marejesho Julai na Agosti, na kwenye taarifa ataandikwa mkaidi.

Kuna pia akina mama wanaobangua kwa mikono. Wanakaanga korosho kwenye bati hadi mafuta ya ganda yawake moto, wanazimwagia mchanga, kisha wanapaka majivu viganjani wasiungue wakipasua moja moja. Sehemu kubwa ya korosho zetu huondoka ghafi kwenda India na Vietnam, na thamani ya kubangua inaondoka nazo. Kwa kikundi kama hiki, mkopo mdogo unaogawanywa kwa watu watano kila mtu akaenda na chake hauna maana. Kinachohitajika ni mashine ya kubangulia na, zaidi ya hiyo, fedha ya kununulia korosho ghafi Novemba na Desemba, wakati zipo. Mashine isiyo na korosho ya kubangua ni chuma tu.

Madiwani wa Tunduru hawahitaji kusubiri Dodoma ibadili sheria ili kuanza. Wanaweza kudai mezani kalenda ya utoaji inayofuata zao. Wanaweza kuagiza orodha ya vikundi, kiasi na deni lililobaki vibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya kila kijiji, maana Nalasi hakuna asiyejua nani ana shamba na nani ana mhuri tu. Na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), walio na daftari la nani alipeleka kilo ngapi ghalani, waitwe kwenye uhakiki. Kupulizia kunaanza Juni. Mkopo wa wakulima ukifika Nalasi mwezi wa Novemba, utakuta kangomba ameshapima.