Kabla hujanunua lenzi, rudi nyuma hatua mbili

Leo naijibu barua moja tu, kwa sababu naona inawahusu vijana wengi walio vyuoni, na wazazi wanaowalipia karo.

Barua yenyewe imetoka kwa kijana wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Nairobi. Ana kamera aliyoachiwa na mjomba wake, pamoja na ile lenzi ndogo ambayo aghalabu huuzwa ikiwa imefungwa pamoja na kamera. Wenzake humwita awapige picha siku za mahafali na siku za kuzaliwa, naye hupata visenti vya kununulia sabuni. Juzi alimwona mpiga picha mmoja harusini akiwa na lenzi nyeupe, ndefu kama mkono wa mtoto, na tangu siku hiyo hapati usingizi.

Mama yake, anayeuza nguo za mitumba, amemtumia karo ya muhula. Kijana anauliza: je, ni makosa kuchukua nusu ya karo hiyo akanunua lenzi, halafu akairudisha pesa zikipatikana? Na kama si makosa, lenzi ipi inafaa kupigia watu picha za uso?

Nitaanza na swali la pili, kwa maana jibu la lile la kwanza limo ndani yake.

Huyu si dada yangu

Krismasi ya mwaka 2014 nilikwenda nyumbani Taita nikiwa na simu mpya, nami nikaona fahari kuwapiga watu picha. Nilimkuta mama jikoni akimenya viazi. Nikamsogelea mpaka simu ikawa karibu kugusa paji la uso wake, nikabonyeza. Mama alipoiangalia ile picha alicheka kidogo, akasema, "Mwanangu, hii pua umeitoa wapi?" Nami nikacheka, nikasahau.

Mama alituacha mwaka 2016. Ulipofika wakati wa kutayarisha kijitabu cha ratiba ya mazishi, tulitafuta picha yake nzuri. Nikatoa ile ya jikoni, maana ndiyo iliyouonyesha uso wake kwa karibu. Mama mdogo aliishika ile simu, akaiangalia kwa muda, kisha akanirudishia. "Huyu si dada yangu," akasema.

Sikuwa na la kujibu. Pua ilikuwa imevimba, mashavu yamerudi nyuma, na masikio yamepotea kana kwamba yamefichwa chini ya kilemba. Macho yalikuwa ya mama, lakini uso haukuwa wake.

Hatimaye mama mdogo alikwenda chumbani akarudi na picha ndogo isiyo ya rangi, iliyopigwa katika studio moja mjini Voi mwaka 1979. Hapo mama alikuwa msichana. Hata hivyo kila aliyeiona alisema, "Ndiye." Hiyo ndiyo iliyochapishwa, na hiyo ndiyo iliyowekwa juu ya jeneza.

Mama alizoea kutusimulia habari za siku hiyo ya studio. Mpiga picha alimkalisha kwenye kigoda, kisha akarudi nyuma na kamera yake ya miguu mitatu mpaka mgongo wake ukagusa mlango. Mama alidhani mtu yule anataka kutoroka na pesa zake! Ilinichukua miaka kuelewa kwamba siri yote ilikuwa katika zile hatua za kurudi nyuma.

Hesabu ya pua na sikio

Wengi wetu huamini kwamba lenzi ndiyo inayoharibu uso au kuupamba. La hasha! Kinachobadilisha umbo la uso ni umbali kati ya kamera na mtu.

Fanya hesabu hii. Tuseme kutoka ncha ya pua hadi sikio ni sentimita 12. Ukiishika kamera sentimita 40 kutoka kwenye pua, sikio litakuwa sentimita 52 kutoka kwenye kamera. Pua itachorwa ikiwa imekuzwa karibu theluthi moja zaidi ya sikio. Lakini ukirudi nyuma hadi mita mbili, pua itakuwa sentimita 200 na sikio sentimita 212. Tofauti itapungua hadi sehemu sita tu katika mia, na jicho halitaigundua. Mita mbili ndio umbali ambao watu wawili wanaoheshimiana huketi wakizungumza sebuleni, na ndivyo tulivyozoea kuwaona watu wetu.

Basi, kazi ya lenzi ni ipi? Kazi yake ni kuamua kiasi cha mambo kitakachoingia katika picha ukiwa umesimama pale pale. Hapo ndipo zile namba za milimita zinapoingia.

Kamera za kawaida za wanafunzi zina kipande kidogo cha kupokea mwanga, yaani sensa, chenye upana wa takriban milimita 23 kwa 15. Ukisimama mita mbili na kamera ya namna hiyo ukiwa umeisimamisha wima, lenzi ya milimita 18 itachukua urefu wa mita mbili na nusu: mtu, dari na kalenda ya ukutani. Uso utaonekana mdogo mno, nawe utashawishika kumsogelea, na hilo ndilo kosa lenyewe. Lenzi ya milimita 50 itachukua urefu usiofika mita moja, yaani kichwa, mabega na kifua. Hapo picha imekamilika bila wewe kusogea.

Kamera kubwa zaidi, ambazo sensa yake inalingana na ile filamu ya zamani ya milimita 36 kwa 24, huhitaji lenzi ya milimita 85 ili kupata karibu picha hiyo hiyo. Ndiyo maana utawasikia wapiga picha wakiisifu 85. Hata hivyo, chukua tahadhari. Ukiifunga 85 kwenye kamera ndogo, itakubidi urudi nyuma kiasi cha mita tatu na nusu ili upate mabega. Chumba cha futi kumi kwa kumi, ambamo wanafunzi wengi huishi, hakifiki mita tatu na robo. Utakuwa umenunua lenzi ambayo huwezi kuitumia mpaka utoke nje. Na ile nyeupe ndefu, ukiivuta hadi milimita 200, itakutaka usimame mita nane kutoka kwa mtu. Inafaa sana harusini na uwanjani, lakini chumbani utalazimika kupiga picha ukiwa kwa jirani.

Sasa kijana wangu, itazame lenzi uliyo nayo. Bila shaka imeandikwa 18-55. Izungushe hadi 55, rudi nyuma mita mbili na ushee, upige. Umbo la uso utakalolipata ni lile lile ambalo ungelipata kwa lenzi ya bei ghali ukiwa umesimama hapo hapo. Kumbe unachokitafuta madukani umekishika mkononi!

Tundu la mwanga

Sisemi kwamba lenzi zote ni sawa. Ipo tofauti moja ya haki, nayo ni tundu la kupitishia mwanga. Tundu hili huandikwa kwa herufi f na namba, na namba yake huchanganya watu, kwa kuwa kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Lenzi yako ikiwa kwenye 55, tundu lake haliwezi kufunguka kupita f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi ya huo. Jioni, ndani ya nyumba yenye balbu moja, tofauti hiyo ni kubwa. Aidha, tundu kubwa huyafifiza mambo yaliyo nyuma ya mtu, hivi kwamba kamba ya nguo na ndoo za maji haziushindanii uso.

Tatizo la mwanga si geni. Mwaka 1839, upigaji picha wa Daguerre ulipotangazwa huko Ufaransa, lenzi zilipitisha mwanga kidogo hata mtu akalazimika kukaa bila kutikisika kwa dakika nyingi. Mwaka uliofuata Joseph Petzval, profesa wa hesabu katika mji wa Vienna, alibuni lenzi yenye tundu kubwa iliyokusudiwa hasa picha za watu. Lenzi hiyo, pamoja na dawa bora za kutayarishia picha, ilisaidia kuugeuza muda huo kutoka dakika hadi sekunde.

Lakini tundu kubwa lina adabu zake. Ukiifungua 50 hadi f/1.8 na kusimama mita mbili, sehemu itakayotoka wazi ina kina cha sentimita kumi na kitu. Ukisogea hadi mita moja, kina hicho hupungua kuwa chini ya sentimita tatu. Jicho litakuwa wazi, sikio litakuwa ukungu. Elekeza kamera kwenye jicho lililo karibu nawe kila mara. Na ukiwapiga watu wawili pamoja, rudisha tundu hadi f/4, la sivyo mmoja wao atakuja kukulaumu.

Siku ya kununua

Basi itakapofika siku ya kununua, nunua 50 yenye f/1.8. Ndiyo lenzi ya bei nafuu kuliko nyingi katika orodha za kampuni kubwa, na hupatikana pia ikiwa imetumika. Lakini usikimbilie bei ya chini kabla ya kuikagua.

Kwanza, nenda na kamera yako dukani, uifunge lenzi na kuijaribu hapo hapo. Wenye kamera ndogo za Nikon, kama zile za mfululizo wa D3000 na D5000, wajue kwamba lenzi kuukuu za aina ya AF zisizo na mota ndani yake hazitajielekeza zenyewe kwenye kamera hizo. Utalazimika kuzungusha kwa mkono, na mteja hatakusubiri.

Pili, washa tochi ya simu, uangaze kupitia kioo. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Wakazi wa Mombasa na pwani nzima, ambako hewa ina unyevu mwingi, wanaijua adha hiyo. Iache lenzi hiyo hata ukipewa kwa nusu ya bei. Tatu, dai risiti. Cha bure au cha gizani hakina mwenyewe mpaka polisi wafike.

Na wewe usiye na kamera, usijione umeachwa nje. Jumapili hii mkalishe nyanya au babu karibu na dirisha, mwanga umjie kutoka upande mmoja. Mpige picha moja kwa simu ukiwa umemkaribia sana, kisha urudi nyuma mita mbili na kupiga ya pili. Ikiwa simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta, itumie hapo. Ikiwa haina, piga hivyo hivyo na kuikata picha baadaye. Ziweke picha hizo pamoja, uwaulize watoto ni ipi inayomfanana nyanya. Hawatakosea.

Jibu la swali la kwanza

Sasa narudi kwenye swali la karo. Mwanangu, pesa hizo si zako. Mama yako amezipata kwa kuinama juu ya marobota ya nguo tangu alfajiri, na alipokutumia alikuambia ni za nini. Unasema utazirudisha. Huenda. Lakini wateja wako ni wanafunzi wenzako, na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba wengi wao hulipa mwezi ukiisha, na wengine hawalipi kabisa. Mtihani hautakungoja uwadai. Haba na haba hujaza kibaba: lipa karo, fanya kazi kwa lenzi uliyo nayo, weka kando sehemu ya kila malipo, na utainunua 50 bila kumdanganya mtu.

Nina ombi moja. Ukienda nyumbani likizo ijayo, usimtangulie mama yako kwa habari za lenzi. Mkalishe mlangoni, penye kivuli na mwanga mzuri. Zungusha lenzi yako ya zamani hadi 55. Rudi nyuma mpaka ucheke mwenyewe kwa jinsi ulivyo mbali, na umwongeleshe mpaka asahau kamera. Kisha piga, na picha hiyo uisafishe studio, iwe karatasi ya kushikwa mkononi, kwa maana simu hupotea na kuharibika.

Mimi nilikuwa na simu mpya, nikakosa hatua mbili. Wewe unazo.

Jumapili njema.